Nilijaza Fomu Bila Kufungua Pipa

Vijana mnaoingia sasa kwenye kazi ya kutoa mizigo forodhani, nianze na ndoo, kwa sababu ndoo hazikumwumiza mtu.

Nilikuwa na mwaka mmoja kazini. Mteja mmoja alileta lori la ndoo za plastiki kutoka Kenya, kila ndoo na mfuniko wake. Nikakaa na kitabu cha ushuru nikijiuliza kama mfuniko ni sehemu ya ndoo au ni bidhaa inayojitegemea. Lori lilisimama mpakani Holili siku mbili. Dereva alikula, akalala, akafua, akaanika nguo kwenye vioo vya lori. Siku ya tatu nikaamua kwamba mfuniko ni sehemu ya ndoo. Mteja akaniuliza, "Ungeamua vinginevyo, ushuru ungebadilika?" Nikamwambia hapana, ungekuwa uleule. Hakurudi tena ofisini kwetu.

Ndivyo nilivyokuwa. Niliogopa kukosea kuliko nilivyoogopa kufukuzwa. Fomu moja niliisoma mara saba kabla ya kuisaini, na nikishaisaini nilitaka nirudishiwe niisome tena. Siku moja nilidandia lori la saruji kutoka Moshi hadi Holili kwenda kuhakikisha kama nimeweka nukta kati ya tarakimu mbili. Nilikuwa nimeiweka. Nikarudi kwa miguu hadi Himo, kwa sababu magari yalikuwa yameisha na sikuwa na wa kumlaumu.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Kabla ya hapo mtu aliyetaka kuagiza kitu nje aliomba kibali, akasubiri, hadi akasahau alichoomba. Sasa ghafla kila mwenye duka Moshi alikuwa mwagizaji. Bosi wangu, Bwana Massawe, alikuwa mtunza ghala la kahawa. Aliona malori yanavyopita, akakodi chumba kimoja, akaandika mlangoni "Wakala wa Forodha". Ushuru alikuwa anaukadiria kwa kuangalia viatu vya mteja. Kitabu cha ushuru alikuwa nacho, kimelala chini ya mguu wa meza ambao ulikuwa mfupi. Nilimwomba nikisome. Akakitoa, akaweka tofali. Meza haikuona tofauti.

Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa mtoto aliyeishia kidato cha nne kutoka Kibosho, na kitabu kilikuwa cha Kiingereza kizito. Nilikisoma na kamusi. Nilikipeleka shambani siku za kupalilia kahawa, nikakiegemeza kwenye mgomba. Nikagundua jambo lililonifurahisha kupita kiasi: kila kitu duniani kina namba yake. Misumari ina namba, vichwa vya samaki vina namba, mafuvu ya wanyama yana namba. Ukijua namba ya kitu umejua ushuru wake. Nikadhani kwamba nikikijua kitabu chote sitakosea tena maishani. Naomba msicheke. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Baada ya miaka mitatu nikawa na jina. Holili palikuwa na ofisa wa forodha aliyeitwa Bwana Senkondo, mtu wa Lushoto, mrefu, mkimya, anayekunywa chai bila sukari na kutazama fomu kana kwamba zina homa. Za mawakala wengine alizipekua ukurasa kwa ukurasa. Zangu alizitazama juu juu akagonga muhuri. "Hizi ni za yule kijana wa Massawe," alikuwa anasema. "Huyu hulala na kitabu." Niliposikia hivyo sikulala kabisa.

Sasa nije kwa Mama Aikande.

Mama Aikande alikuwa na karakana Njoro, mtaa wa Moshi, ya kutengeneza polishi ya sakafu, ile nyekundu ya makopo. Alikuwa na akina mama sita wanaoyeyusha nta, wanachanganya rangi, wanamimina kiyeyusho, wanajaza makopo. Kiyeyusho ndicho kinachofanya nta ilainike na kupakika. Bila hicho unakuwa na tofali jekundu. Kiyeyusho alichokizoea kilikuwa kimepanda bei hadi akaanza kukiota. Muuzaji mmoja wa Mombasa akamwambia anacho kitu kingine cha bei nafuu, kinaitwa kondenseti ya gesi asilia.

Akaja ofisini. Nikamwamkia, akaitika, akakaa.

"Mwanangu, hiki kitu ushuru wake ukoje? Maana ukiwa kama wa petroli, siagizi. Na wakisema ni petroli kabisa, kibali sina, watanitaifishia."

"Nipe siku tatu, mama."

"Bwana Massawe ananiambia sasa hivi."

"Bwana Massawe ameangalia viatu vyako."

Massawe alikuwa amekaa palepale. Alikohoa, akaendelea na gazeti.

Nikampa majibu siku ya tatu, na niliyatoa kwa furaha ambayo leo inanitia aibu. Nilimweleza hivi. Gesi inapotoka kisimani inatoka na unyevu wa mafuta ndani yake. Ikipozwa na kupunguzwa mgandamizo palepale kisimani, ule unyevu unajitenga, unakuwa kimiminika chepesi. Hicho ndicho kondenseti. Mtu asiyesoma ataona neno gesi atakipeleka kwenye namba ya gesi, 27.11. Amekosea, si gesi tena. Mwingine ataona kinawaka kama petroli atakipeleka 27.10, kwenye mafuta yaliyosafishwa. Naye amekosea. Maelezo ya kitabu yanasema wazi kwamba kondenseti ni mafuta ghafi, namba 27.09. Ushuru wake mdogo.

"Una uhakika?"

"Nimesoma mwenyewe, mama. Mara saba."

Mama Aikande akaenda nyumbani akauza ng'ombe wawili wa maziwa. Akaagiza mapipa ishirini.

Yote niliyomwambia yalikuwa kweli. Mnisikilize hapo. Hata leo ukifungua kitabu utayakuta hivyohivyo. Nilikuwa sahihi kabisa kuhusu kitu ambacho sikuwa nimekiona.

Mapipa yalifika Holili siku ya Ijumaa kupitia Taveta. Nilikwenda, nikayahesabu, nikalinganisha namba za mapipa na za kwenye hati za muuzaji. Hati zilisema kondenseti. Nikajaza 27.09 kwa mwandiko wangu bora, nikasaini, nikaiweka fomu mezani kwa Bwana Senkondo, ambaye alikuwa ameshaondoka. Ukutani nyuma ya meza yake, kwenye msumari, ilining'inia spana ya kufungulia vizibo vya mapipa. Nilikuwa nimeiona spana hiyo kwa miaka mitatu. Sikuwahi kuigusa. Ilikuwa na grisi, na mimi nilikuwa mtu wa mikono safi.

Jumapili nilipanda Kibosho kwa mama. Baada ya misa nilimkuta kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, anachemsha ndizi za mbege, pombe yetu ya Kichagga, kwenye pipa lililokatwa nusu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda. Shika mwiko."

Nikashika mwiko. Na kwa kuwa nilikuwa bado nimelewa ushindi wangu, nikamsimulia habari za kondenseti, kisima, unyevu na zile namba tatu. Mama alikuwa anapika mbege ya kuuza tangu sijazaliwa. Alisikiliza huku anapunguza kuni.

"Kwa hiyo kikitoka hapo kisimani, kinapoozwa tu."

"Ndiyo, mama."

"Kupoza si kupika."

"Ndiyo maana kinaitwa ghafi."

"Kama hizi ndizi zilivyokuwa mgombani."

"Hasa!" Nilifurahi. Bwana Massawe hakuwahi kuelewa haraka hivyo.

"Na haya ya huyo mama wa Njoro, yamepikwa au hayajapikwa?"

"Hati zinasema ni kondenseti."

"Sijauliza hati. Mimi nikizichemsha ndizi hizi, nikakuletea kwenye ndoo nikakuambia nimekuletea ndizi, utasema ni ndizi?"

"Hapana."

"Utafanyaje?"

"Nitafunua ndoo."

Akaniangalia. Mimi nikaangalia ndizi, ambazo kwa sasa zilikuwa uji wa kahawia. Hazikuwa ndizi tena, wala hazijawa mbege. Nikasahau kukoroga.

"Koroga," alisema mama. "Zinashika chini."

Jumatatu asubuhi nilikwenda Njoro kwanza, nikamwambia Mama Aikande tuondoke wote. Hakuuliza kwa nini hadi tulipofika Himo.

"Kuna tatizo?"

"Sijui bado. Sikufungua pipa."

"Ulisema umesoma."

"Nilisoma, mama."

"Mara saba."

"Ndiyo."

"Na kufungua je, mara ngapi?"

Akafunga kitenge upya kiunoni, akatazama nje hadi Holili.

Tulipoingia ofisini Bwana Senkondo alikuwa ameshika fomu yangu kwa mkono mmoja na muhuri kwa mkono mwingine. Nitawaambia ukweli wa dakika ile, kwa sababu hiyo dakika ndiyo iliyonifanya niandike yote haya. Muhuri ungegongwa, mapipa yangeondoka siku ileile kwa ushuru mdogo. Labda hakuna ambaye angejua kamwe. Mama Aikande alikuwa amesimama kando yangu, na ng'ombe wake wawili walikuwa ndani ya yale mapipa. Jina langu la kutokosea lilikuwa ndani ya mapipa yaleyale. Na huenda, nilijiambia, hayajapikwa. Huenda niko sahihi.

"Bwana Senkondo, naomba usigonge."

Mkono wake ukasimama hewani. "Una nini?"

"Nimejaza bila kufungua pipa."

Akaweka muhuri chini taratibu sana, kama mtu anayeweka yai. Akageuka, akatoa spana kwenye msumari, akanipa. Grisi ikanipaka mkono mzima.

Sikujua kuitumia. Nilizungusha kushoto, nikazungusha kulia, Mama Aikande akaninyang'anya akafungua kizibo mwenyewe, maana kazi ya karakana yake ni mapipa. Bwana Senkondo alichovya kijiti, akatusogezea tunuse. "Kondenseti ya kisimani inanuka," alisema. "Kama yai viza. Na ina rangi, kama chai ya rangi iliyozidishwa maji." Hii haikunuka yai. Ilinuka duka la rangi. Na ilikuwa nyeupe kama maji ya mtungi.

Akachana kipande cha mfuko wa karatasi, wa khaki, uliokuwa na karanga. Akadondosha tone moja. "Subirini." Tukasubiri, watu wazima watatu tukitazama karatasi ya karanga. Tone likatambaa, likawa duara, duara likakauka, likatoweka. Karatasi ikabaki kana kwamba haikuguswa.

"Ghafi huacha doa," alisema. "Ina mazito ndani yake, hayaruki yote. Hii imechujwa kwa moto. Mtu ameitoa kondenseti, akaipika, akachukua sehemu moja tu, akaendelea kuiita kwa jina la mwanzo. Si 27.09."

"27.10," nilisema.

"27.10. Sasa kaa hapo uombe isiwe petroli. Ndani ya 27.10 mna petroli, na mna viyeyusho vya viwandani. Ikiwa petroli na mama hana kibali, haitoki hapa. Maabara ndiyo itakayosema."

Mama Aikande akarudisha kizibo, akakikaza hadi spana ikalia. "Na kama huyu asingesema?" aliuliza, bila kunitazama.

"Ningegonga. Kisha wakaguzi wangepita kwako Njoro, wangedondosha tone kwenye karatasi kama mimi. Hapo isingeitwa kosa. Ingeitwa udanganyifu, mama, na ungeitwa wako. Mzigo ni wa mwenye mzigo. Wakala yeye husema aliambiwa." Kisha akanigeukia. "Andika barua. Eleza kosa ni la nani."

Niliandika kurasa mbili. Nilieleza kisima, unyevu, maelezo ya kitabu, sababu za kukosea kwangu, majuto yangu, na aya moja nzima kuhusu ndoo. Nilizichana mara tatu kwa sababu ya mwandiko. Bwana Senkondo alizisoma zote akinywa chai yake. Alipomaliza akachukua rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya kila kitu isipokuwa sentensi moja: *Nilijaza fomu hii bila kufungua pipa.*

"Hiyo inatosha," alisema. "Nyingine ni habari zako."

Sampuli ilikwenda Dar es Salaam. Majibu yalichukua majuma matano. Karakana ya Njoro ilifungwa juma la pili, kwa kukosa kiyeyusho. Nilikuwa napita pale kila siku baada ya kazi, nasimama ng'ambo ya barabara, naangalia kufuli. Siku moja mmoja wa wale akina mama, aliyekuwa anauza nyanya mbele ya mlango uleule, alinipigia kelele: "Wewe msomi! Njoo basi ununue nyanya, au nazo unazisoma kwanza?" Nikanunua. Nikawa nanunua kila siku. Nilikula nyanya majuma matatu.

Majibu yalisema ni kiyeyusho cha viwandani, hakifai kwa injini. Mapipa yakatoka. Ushuru ulikuwa mkubwa kuliko nilivyomwambia Mama Aikande, mdogo kuliko wa petroli. Tofauti aliilipa Bwana Massawe kwa sehemu, na mimi kwa sehemu, na Mama Aikande kwa ng'ombe wa tatu. Sikuwa na cha kufanya kuhusu yule ng'ombe. Ninyi mtasikia watu wakisema mteja alisamehe, mambo yakaisha. Mama Aikande hakuniambia amenisamehe. Alifungua kufuli, akapika polishi, akaendelea kuleta mizigo yake kwetu. Kila alipoleta aliuliza jambo moja kabla ya salamu: "Umefungua?"

Bwana Massawe alininyang'anya kalamu kwa miezi sita. Alisema nisiguse fomu yoyote. Kazi yangu ikawa kufungua: mapipa, makasha, magunia, mabunda. Alidhani ni adhabu, na mimi nilidhani hivyo kwa kama mwezi mmoja. Nilijifunza kwamba unga wa sabuni ukiusugua kidoleni kwa mate unakuambia mengi kuliko lebo. Kitambaa kinachoitwa pamba ukikichoma uzi mmoja kikayeyuka badala ya kuwa majivu, si pamba. Kasha lisemalo vipuri linaweza kuwa na sufuria, na aliyelifunga hakudanganya, alikosa tu kasha jingine. Nikaanza kulala usiku. Si kwa sababu niliacha kuogopa, ila mikono ilikuwa na shughuli.

Mambo yamebadilika, najua. Zilikuja kompyuta, na ofisi ya Massawe ikanunua moja iliyokaa juu ya ileile meza ya tofali. Sheria za forodha zikaunganishwa na za majirani. Leo unaandika neno, mashine inakupa namba kabla hujamaliza kuandika. Jaribuni kuandika kondenseti. Itawapa 27.09, na itakuwa sahihi kama nilivyokuwa mimi. Kwa hiyo ulizeni kilifanywa nini baada ya kutoka kisimani. Kama ni kupozwa na kupunguzwa mgandamizo tu, bado ni ghafi. Kama kimechujwa kwa moto, kimehama. Ombeni cheti cha maabara cha muuzaji, muone kinachemka kuanzia nyuzi ngapi hadi nyuzi ngapi. Kikichemka kwa upana mkubwa, kuna uwezekano ni ghafi. Kikichemka ndani ya nyuzi chache tu, mtu amekipika. Kisha msiamini hicho cheti. Na msivute sigara.

Barua yangu ile Bwana Senkondo aliitolea nakala. Sentensi moja, bila jina. Akaibandika kwenye ubao ambapo mawakala wanapanga foleni. Alipohamishwa, aliyemfuata hakuitoa, wala aliyemfuata huyo. Nilisimama kwenye foleni ile kwa miaka mingi, na mara nyingi nilisikia wenzangu wanaisoma wakicheka. Mmoja aliniuliza, "Unadhani huyu mpumbavu alikuwa nani?" Nikamwambia nimewahi kukutana naye, ni mtu wa Kibosho, safi sana mikono.

Safari yangu ya mwisho Holili kabla ya kustaafu nilikwenda kukabidhi mafaili tu. Mbele yangu kwenye foleni alisimama binti mmoja wakala, mgeni, ana kompyuta ya mkononi kifuani na fomu kwenye bahasha ya plastiki. Aliitoa fomu akaisoma. Akairudisha. Akaitoa tena. Nilihesabu, ikafika mara tano. Nilimwonea huruma kama vile namwonea ndugu.

Kisha macho yake yakapanda kwenye ubao. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia, pembe zimejikunja. Akaisoma polepole. Nikasubiri acheke, au aulize ni nani.

Akanigeukia. "Shikamoo mzee. Samahani. Spana ya mapipa huwa wanaiweka wapi?"

Nikamwonyesha msumari.